Kujenga Vim kutoka msimbo chanzo: kazi nne zilizofichwa ndani ya amri mbili

Ndani ya msimbo chanzo wa Vim, kihariri cha maandishi kinachotumika kwenye terminali, kwenye folda ya `src`, kuna faili iitwayo `INSTALL`. Kwa mtumiaji wa Linux mwenye haraka, inachomwambia ni kifupi mno: andika `make`, ikimalizika andika `make install`. Maelekezo hayo hayana kosa, na kwenye kompyuta iliyokwisha kuandaliwa yanatosha. Lakini anayeyasoma mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kukompaili programu yoyote, yaani kuugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na amri hizo mbili zimebeba kazi nne zisizofanana: kukagua mashine, kukompaili, kuunganisha, na kusakinisha. Kila moja ina namna yake ya kukwama. Asiyejua amekwama kwenye kazi ipi hubaki akinakili amri za huku na kule mpaka mojawapo ikubali.

Kuna na linaloumiza zaidi. Ujenzi unaweza kumalizika salama, bila kosa hata moja kwenye skrini, na bado ukapata Vim isiyo na kile kilichokufanya uanze kuijenga. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu maelekezo mengi hupita hapo kimya.

Kwanza jiulize kama unahitaji kweli. Kwenye Ubuntu na Debian, `vi` inayokuja na mfumo kwa kawaida ni `vim-tiny`, Vim iliyopunguzwa mpaka ikabaki mifupa. Kifurushi cha `vim` kimekamilika zaidi, ila kwa miaka mingi kimekuwa kikijengwa bila kuunganishwa na ubao wa kunakili wa mfumo: unanakili mstari kwa `"+y`, unakwenda kuubandika kwenye kivinjari, haupo. Wengi huanza kukompaili kwa sababu hiyo tu. Kama ni hiyo, sakinisha `vim-gtk3` uendelee na kazi zako; utaitumia kwenye terminali ileile na ubao wa kunakili utafanya kazi. Kukompaili kuna maana unapotaka toleo jipya kuliko lililo kwenye hazina ya mfumo wako, unapotaka Vim inayozungumza na Python, au unapokuwa kwenye seva ya chuo au ofisi ambako huna ruhusa ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, na lazima kila kitu kikae kwenye folda yako mwenyewe. Kujifunza nako ni sababu tosha. Vim imeandikwa kwa lugha ya C na inategemea vitu vichache sana, kwa hiyo sijaona programu kubwa iliyo rafiki zaidi kwa mtu anayekompaili mara ya kwanza.

Msimbo unaupata hivi:

`git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git`

Hilo `--depth 1` linaiambia git ilete hali ya sasa ya msimbo pekee, bila historia yote ya mabadiliko. Historia hiyo ni ndefu. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeianzisha Vim, aliitoa kwa umma mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga, na viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo, vimeendelea kumiminika tangu hapo. Kama unapakua kwa bando la simu, usiliache.

Umesakinisha, lakini inasema haipo

Unaingia `vim/src`, unaandika `make`, na baada ya sekunde chache kila kitu kinasimama kwenye mstari unaosema `checking for tgetent()` ukifuatiwa na `NOT FOUND!` na ushauri wa kusakinisha maktaba ya terminali, kwa mfano ncurses. Unatafuta kwenye mfumo wako, unaikuta ncurses ipo, tena imekuwepo tangu siku ulipoweka Linux. Ni rahisi kudhani mashine imeharibika.

Mashine ni nzima. Maktaba ya programu huja kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maktaba yenyewe, ambayo programu zilizokwisha kujengwa huitumia zinapoendeshwa. Sehemu ya pili ni faili zenye kiishio cha `.h`, ambazo humweleza kompaila ndani ya maktaba kuna nini, majina gani, yanapokea nini na kurudisha nini, pamoja na kiungo ambacho hutumika wakati wa kuunganisha. Mtumiaji wa kawaida hahitaji sehemu ya pili maishani mwake, hivyo watengenezaji wa Linux huitenga kwenye kifurushi chake. Kwenye Debian na Ubuntu, jina la kifurushi hicho huishia kwa `-dev`. Kwenye Fedora na ndugu zake huishia kwa `-devel`. Ulichokuwa nacho ni ncurses ya kuendeshea, na kilichotakiwa ni ya kujengea.

Kwenye Debian au Ubuntu, basi:

`sudo apt install build-essential libncurses-dev`

na kwenye Fedora:

`sudo dnf install gcc make ncurses-devel`

Kwenye Mac, `xcode-select --install` huleta kompaila pamoja na `make`. Windows ina njia yake tofauti kabisa, yenye faili yake ya maelekezo, `INSTALLpc.txt`, na sitaigusa hapa.

Ukishaielewa habari ya sehemu mbili umeielewa nusu ya matatizo yote ya kukompaili, si ya Vim tu. Kosa likitaja kukosekana kwa faili yenye `.h`, au likisema maktaba haipo wakati unajua ipo, swali la kwanza ni moja: kifurushi chake cha `-dev` kipo?

Kazi ya kukagua, ambamo vitu hupotea kimyakimya

Kabla ya kukompaili chochote, `make` huendesha skripti iitwayo `configure`. Mistari yote inayoanza na `checking` ni kazi yake. Inaikagua kompyuta yako kipengele kwa kipengele: kompaila ipo? Maktaba ya terminali ipo? X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, upo? Python je? Majibu huandikwa kwenye faili mbili, `auto/config.h` na `auto/config.mk`, na hizo ndizo zinazoamua ni sehemu gani za msimbo zitakompailiwa na zipi zitarukwa.

Kwa `configure`, vitu viko makundi mawili. Kuna vya lazima, kama kompaila na maktaba ya terminali. Kikikosekana kimoja inasimama na kukwambia. Kuna na vya hiari, karibu vyote vilivyobaki. Kikikosekana inaandika `no`, inaendelea na safari. Mstari huo wenye `no` unapita katikati ya mamia ya mistari mingine na hakuna atakayeuona. Ni sawa na kumwagiza fundi nyumba ya madirisha sita, akakosa kioo cha mawili, akaziba kwa tofali, akakukabidhi funguo bila neno.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba unaweza kuomba kitu waziwazi na bado usikipate. Tuseme umeandika:

`./configure --enable-python3interp=yes`

Kama kifurushi cha `python3-dev` hakipo, `configure` inaweza kumaliza kwa amani, `make` ikamaliza kwa amani, ukasakinisha, na siku ya kwanza ya kutumia programu-jalizi inayohitaji Python ndipo unaambiwa Vim hii haina Python. Dawa ipo, na nashangaa kwamba maelekezo mengi yanayosambaa hayaitaji. Ni chaguo moja refu:

`./configure --enable-fail-if-missing --enable-python3interp=yes --with-x --prefix=$HOME/.local`

Ukiweka `--enable-fail-if-missing`, ulichokiomba kwa jina kikikosekana, ujenzi unasimama palepale. Makosa yataongezeka, lakini ndiyo makosa unayoyataka: yanakuja mapema na yanataja kilichokosekana. Ningependa kila mwongozo wa kujenga Vim uanze na chaguo hilo.

Kwa ubao wa kunakili kwenye mazingira ya X11 utahitaji `libx11-dev` na `libxt-dev`. Kwa Python, `python3-dev`. Kuhusu `--with-features=huge` ambayo utaikuta kwenye miongozo mingi ya zamani, matoleo ya sasa huchukua `huge` yenyewe usipotaja chochote. Kuiandika hakudhuru.

Baada ya hapo kuna mtego mwingine, nao umewapotezea watu jioni nzima. Umeona X11 haikupatikana, umesakinisha vifurushi vinavyotakiwa, umerudia `./configure`, na bado inasema `no`. Tazama mstari huo kwa makini: pembeni mwa jibu pameandikwa `(cached)`. Vim huhifadhi majibu ya ukaguzi uliopita kwenye `auto/config.cache` ili safari nyingine iende haraka. Haikukagua upya, imekusomea jibu la jana. Kila unaposakinisha maktaba mpya, anza upya:

`make distclean`

halafu rudia `./configure` na machaguo yako yote.

Kuna na utata unaotokana na njia mbili za kupeleka machaguo. Miongozo mingine inakuelekeza uandike machaguo baada ya `./configure`, kama nilivyofanya hapa. Mingine inakuelekeza ufungue `src/Makefile` uondoe alama ya `#` kwenye mistari kama `CONF_OPT_PYTHON3`, kisha uandike `make`. Zote ni halali. Lakini aliyebadili `Makefile` baada ya kuwa amekwisha kujenga mara moja hataona tofauti yoyote akiandika `make`, kwa sababu ukaguzi umeshafanyika na `make` haioni sababu ya kuurudia. Anatakiwa aandike `make reconfig`. Ushauri wangu ni kuchagua njia moja na kutoichanganya na nyingine. Mimi naona ya `./configure` ni bora, maana amri nzima unaweza kuihifadhi kwenye faili ndogo na kuitumia tena miezi sita baadaye.

Kama jibu la `configure` halieleweki, lipo faili la kumbukumbu, `auto/config.log`. Ni refu na halisomeki kama hadithi, lakini ndani yake kila jaribio limeandikwa pamoja na kosa halisi ambalo kompaila ilitoa. Tafuta jina la kitu kilichokosekana, soma mistari kumi inayofuata, na mara nyingi jibu liko hapo.

Kukompaili na kuunganisha

Sehemu hii ndiyo inayoonekana ya kutisha, na ndiyo yenye matatizo machache zaidi. Unaandika `make`, na kompaila inachukua faili za `.c`, zaidi ya 100, moja baada ya nyingine, na kila moja inazaa faili ya `.o` ndani ya folda ya `objects`. Mwishoni zote zinaunganishwa pamoja na maktaba za nje kuwa faili moja inayoendeshwa, `vim`. Kama kompyuta yako ina viini vinne, `make -j4` itavifanyisha kazi vyote kwa pamoja na muda utapungua sana.

`make` yenyewe ni chombo cha zamani. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na akili yake haijabadilika. Inalinganisha saa za faili. Kama `.c` ni mpya kuliko `.o` yake, inakompailiwa tena. Kama sivyo, inaachwa. Ndiyo maana `make` ya pili humalizika mara moja. Na ndiyo maana laptopu ya zamani iliyokufa betri ya saa, ambayo tarehe yake hurudi nyuma kila inapozimwa, inaweza kukutolea onyo la `Clock skew detected`. Rekebisha tarehe kwanza, halafu `make distclean`, kisha uanze upya.

Kosa likitokea, usisome mstari wa mwisho. Mstari wa `make: *** ... Error 1` unasema tu kwamba kitu fulani huko juu kimeshindikana. Panda juu mpaka ulikute neno `error` la kwanza kabisa, maana yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. Ukiwa umetumia `-j4`, ujumbe wa faili tofauti huchanganyikana. Andika `make` tupu, nayo itakwama kwenye kosa lilelile, safari hii peke yake. Na neno `warning` si kosa. Kompaila inaonya na kuendelea.

Jaribu kabla ya kusakinisha

Hatua hii karibu kila mwongozo huiruka, na ni ya bure. Faili ya `vim` tayari iko mbele yako ndani ya `src`. Iulize:

`./vim --version`

Utapata orodha ndefu ya vipengele, kila kimoja na alama mbele yake. `+python3` maana yake kipo, `-python3` maana yake hakipo. Angalia `+clipboard` na chochote kingine ulichokitaka. Hapa ndipo ukweli ulipo. Ujenzi uliomalizika bila kosa haukuhakikishii kitu. Orodha hii inakuhakikishia. Ikiwa alama si uliyoitaka, rudi kwenye ukaguzi, maana kosa liko huko na kuendelea mbele hakutalirekebisha.

Unaweza pia kuiendesha kabisa, kwa kuionyesha faili zake saidizi zilipo:

`VIMRUNTIME=../runtime ./vim --clean`

Kwa miaka mingi, skrini ya kwanza ya Vim imekuwa na mstari unaomwomba mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda, na kuelekeza aandike `:help iccf`. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameuona bila kujua ulikotoka. Moolenaar alikaa mwaka mmoja, 1994, akifanya kazi ya maji na usafi wa mazingira huko Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, eneo lililokuwa limepigwa vibaya na UKIMWI na kuacha yatima wengi. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la hisani la ICCF Holland kusaidia kituo cha watoto cha hapo, na akaifanya Vim kuwa programu ya bure ambayo anayeifurahia anaombwa achangie kituo hicho. Alifariki Agosti 3, 2023. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, limewekwa wakfu kwake. Ukiandika `:help uganda` utakuta masharti ya leseni yenyewe. Naona ni haki mtu anayekompaili Vim akiwa Masaka au Bukoba ajue kwamba habari hiyo ni ya jirani zake.

Ukiwa na nafasi, `make test` huendesha majaribio ya waandishi wenyewe. Huchukua muda na skrini huchezacheza. Mwishoni tafuta idadi ya yaliyofeli. Jaribio moja moja linaweza kufeli kwa sababu ya aina ya terminali, na hilo peke yake lisikutishe.

Kusakinisha, na kwa nini bado unaona Vim ya zamani

`make install` haikompaili chochote. Inanakili tu faili kwenda mahali pake. Mahali hapo ni palipotajwa na `--prefix` wakati wa ukaguzi. Usipotaja, ni `/usr/local`, na kwa kuwa folda hiyo ni ya root utahitaji `sudo make install`. Ukitaja `$HOME/.local` huhitaji `sudo` kabisa, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu anayejaribu.

Jambo moja la kushika: `sudo` ni ya kusakinishia peke yake. Anayeandika `sudo make` tangu mwanzo huacha faili za `.o` zikiwa mali ya root, na siku akirudi kujenga kama yeye mwenyewe anakutana na `Permission denied` ndani ya folda yake. Ikishatokea, `sudo chown -R $USER .` ukiwa ndani ya folda ya `vim` hurudisha umiliki.

Njia ya `--prefix` huandikwa ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo usijenge kwa `/usr/local` kisha ukaihamisha folda nzima kwingine kwa mkono. Vim itaendelea kutafuta faili zake kule kwa zamani, na utakaribishwa na `E1187` ikisema imeshindwa kusoma `defaults.vim`. Umebadili mawazo kuhusu mahali? `make distclean`, ukaguzi mpya, ujenzi mpya.

Umesakinisha, umeandika `vim`, na imefunguka ileile ya zamani. Andika:

`type -a vim`

Itakuonyesha Vim zote ambazo shell inazifahamu, kwa mpangilio wa kutafutwa. Kama mpya ipo na ni ya kwanza, basi bash inakumbuka njia ya zamani tu; `hash -r` huifuta kumbukumbu hiyo. Kama mpya haimo kabisa, folda ya `~/.local/bin` haiko kwenye `PATH`, orodha ya folda ambamo shell hutafuta amri. Ubuntu huiongeza yenyewe unapoingia, lakini kwa sharti kwamba folda ipo tayari wakati huo, hivyo kutoka na kuingia tena mara nyingi kunatosha.

Usiifute folda ya msimbo. Viraka vya Vim hutoka karibu kila siku, na kuvipata ni `git pull`, `make`, `make install`, dakika chache tu kwa sababu `make` itakompaili kilichobadilika pekee. Na siku ukitaka kuiondoa, `make uninstall` kutoka folda hiyohiyo, yenye ukaguzi uleule, ndiyo inayojua faili gani ilizipeleka wapi. Meneja wa vifurushi wa mfumo wako hana habari nazo. Amri ya `apt remove vim` itaondoa ile ya mfumo na kuiacha hii uliyoijenga.